Testosteroni "iko sawa" lakini ndevu zinaota, inakuwaje?

Jamani wiki hii kuna dada kaja kliniki na karatasi yake ya maabara (kaniruhusu nisimulie), ana PCOS (tatizo la homoni ambapo mara nyingi yai halitoki kwa mpangilio na homoni za kiume zinazidi), kidevu ananyoa kila baada ya siku mbili, miezi minne hajaona siku zake, na kote alikopita anaambiwa homoni ziko sawa. Alilia. Maabara haijakosea, shida ni kwamba tunasoma namba moja zingine tunaziacha.

Iko hivi, testosteroni, ile homoni inayoitwa ya kiume, kila mwanamke anayo, inatoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo, na nyingi inatembea kwenye damu imeshikwa na protini inaitwa SHBG, ikishikwa hivyo haifanyi kazi. Inayoleta ndevu na chunusi ni ile kidogo iliyo huru. Sasa wengi wenye PCOS mwili hauitikii insulini (homoni ya kushusha sukari) vizuri, kongosho linazidi kuimwaga, nayo ikijaa inazichochea ovari zitengeneze testosteroni zaidi na hapohapo inalifanya ini lipunguze SHBG. Kwa hiyo jumla inaweza kusomeka kawaida kabisa huku iliyo huru imepanda! Ndo maana naomba SHBG ipimwe pamoja, tupige hesabu ya iliyo huru. Na kama unameza vidonge vya majira majibu hayataaminika, inabidi ukae kama miezi mitatu bila vidonge, ukitumia kinga nyingine, ndo upime.

Kingine ni kipimo cha projesteroni (homoni inayopanda yai likishatoka) cha siku ya 21 ya mzunguko. Hicho ni cha mwenye mzunguko wa siku 28, wewe mzunguko wako siku 50 ukipima siku ya 21 itakuwa chini tu, yai lenyewe bado. LH kuizidi FSH (homoni mbili kutoka kichwani zinazoziamuru ovari) nako tunakuona kwa wengi ila peke yake haithibitishi PCOS.

Kinachonitia hofu zaidi ni hiki, yai lisipotoka projesteroni haipatikani, estrojeni inabaki peke yake inaunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi mwezi baada ya mwezi, na miaka ikienda hivyo hatari ya saratani ya ukuta huo inaongezeka. Ukipitisha siku 90 bila hedhi na huna mimba nenda hospitali, usingoje mpaka utafute mtoto. Wapime na thairoidi (tezi ya shingoni) na prolaktini (homoni ya maziwa) maana zikivurugika dalili zinafanana, na sukari pia.

Yule dada SHBG yake imerudi jana, iko chini sana.