Kuogelea chali: rekebisha bega, mkono utafuata

Ukiogelea chali na kila baada ya mita chache unagonga kamba ya njia yako, usikimbilie kulaumu miguu. Mara nyingi mkono mmoja unaingia majini nyuma ya kichwa badala ya kwenye mstari wa bega. Mvuto, yaani mkono kuvuta maji, unaanza kwa kusukuma maji pembeni, nyonga zinayumba, na mwogeleaji anakwenda kama nyoka.

Chukulia kichwa chako ni 12 kwenye uso wa saa (zile namba zenyewe, si saa zetu za Kiswahili). Mkono wa kulia uingie kwenye 1, wa kushoto kwenye 11. Aliyezoea kuvuka kichwa ataendelea kuvuka hata ukimwambia hivyo, kwa kuwa haoni mikono yake. Huyo mimi humwambia alenge 2 na 10. Atahisi ametanua kupita kiasi, kumbe ndiyo kwanza amefika panapotakiwa.

Mkono uingie ukiwa umenyooka, kidole kidogo kikitangulia. Mgongo wa kiganja ukitangulia utasikia kishindo, na kiganja kitashuka na mapovu, mapovu hayashikiki.

Usianze kuvuta hapo hapo. Bega lishuke kwanza, mwili ukizunguka nyuzi 30 hadi 45, kiganja kizame kama sentimita 30, ndipo ukunje kiwiko. Vidole vielekee pembeni, kiganja kitazame miguuni. Kiganja kikifika usawa wa mbavu, kiwiko kiwe kimekunjwa karibu nyuzi 90. Anayelala bapa hawezi: akikunja kiwiko, kiganja kinachomoza juu ya maji. Basi anavuta kwa mkono ulionyooka, na bega ndilo linaloumia.

Malizia kwa kusukuma maji chini, kupita nyonga. Toa mkono, kidole gumba kikitangulia, na usiupumzishe pajani: huu ukitoka, mwenzake awe anaingia.

Zoezi ninalolipenda ni mita 25 mara 4 kwa mkono mmoja, wa pili ukilala ubavuni. Kila mkono unaofanya kazi unapoingia, bega la pili lichomoze majini. Kichwa kitulie, ukiweka kikombe cha plastiki chenye maji nusu kwenye paji la uso, kisianguke.

Mvuto ukishatengemaa, hesabu upya mapigo ya mikono yako kutoka kwenye bendera zinazoning'inia juu ya bwawa hadi ukutani, zile mita 5. Yatakuwa yamepungua, na hesabu ya zamani itakugongesha kichwa.