Acheni kusubiri wazo geni: dhana potofu kuhusu ubunifu na fursa za biashara

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: "Nasubiri wazo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya." Anayeisema mara nyingi ana bidii na mtaji kidogo, na mtaji huo unaliwa polepole huku akisubiri.

Ubunifu wa mjasiriamali kwa kawaida ni kuunganisha vitu vilivyopo tayari, na anayeuona muungano huo ni yule anayeijua kazi kwa ndani. Scott Shane, mtafiti wa ujasiriamali, alichapisha mwaka 2000 utafiti kuhusu uvumbuzi mmoja wa MIT, chuo kikuu cha Marekani: uchapishaji wa pande tatu (3D), yaani kuunda vitu tabaka juu ya tabaka. Vikundi nane vya wajasiriamali viliuchukua, na kila kimoja kikaona fursa tofauti kulingana na kazi kilichoizoea. M-Pesa nayo ilijaribiwa kwanza kwa kulipia mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe, na Machi 2007 ikazinduliwa kwa kazi hiyo.

Tazama viazi karai hapa Mombasa, viazi vya kukaangwa kwa unga vinavyoliwa na mchuzi wa ukwaju. Kabla muuzaji hajabandika karai, ameshaloweka ukwaju, akaukamua, akauchuja na kuupika kwa pilipili. Wengi wakimwona anauza, nao wanaweka meza ya viazi ubavuni mwake. Wachache wanauona ukwaju, yaani fursa ya kuwauzia wauzaji ukwaju uliokwisha kutengenezwa. Hapo mteja si mlaji, ni muuzaji mwenyewe.

Ongea na wauzaji kumi. Usiwaulize kama wangependa ukwaju uliokwisha kutengenezwa, maana watakuitikia kwa adabu tu. Waulize wa jana waliutengenezaje, uliwachukua muda gani, na viungo viliwagharimu kiasi gani. Kisha tengeneza lita tano uuze kwa pesa taslimu. Ukikopesha hujapima chochote. Wakiagiza tena wiki ya pili bila kukumbushwa, fursa ipo. Na joto letu usilisahau: ukwaju wenye sukari ukijazwa umepoa huchacha na kuanza kutoa gesi. Uchemshe, uujaze ungali moto kwenye chupa za glasi zilizochemshwa, uzibe papo hapo.

"Ubunifu ni kipaji cha kuzaliwa." Hapana, ni mazoezi. Kila jioni andika kero tatu ulizoshuhudia: ni ya nani, anaikwepaje sasa, na inamgharimu nini. Usipopata jibu la swali la tatu, ifute, kwa sababu hakuna atakayekulipa kuiondoa.

"Nikilisema wazo wataliiba." Usiposema, hutajua kama kuna mnunuzi. Mapishi na bei zako za kununulia ndivyo vya kuficha.

"Wazo zuri hujia ukiwa umetulia peke yako." Graham Wallas, msomi Mwingereza, alieleza mwaka 1926 hatua nne za kupata wazo: maandalizi, kuliacha suala litulie akilini, kung'amua, kisha kuhakiki. Watu wanazipenda mbili za katikati na kuziruka za pembeni. Maandalizi ni kwenda soko la Kongowea alfajiri malori yanaposhusha mzigo, kisha kurudi jioni uone nini kimebaki na kinauzwa bei gani.