Kiswahili kiliandikwa kabla ya misheni ya Bagamoyo

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti Kiswahili hakikuwa na maandishi mpaka wamisionari walipotua Bagamoyo. Si kweli. Misheni ile ilianza 1868; nakala ya Utendi wa Tambuka, shairi refu la Kiswahili, ina tarehe ya 1728, miaka 140 kabla. Watu wa pwani waliandika mashairi, barua, hata mikataba ya mashamba, kwa herufi za Kiarabu. Ndiyo maana wengi wakiziona hudhani ni Kiarabu (au hirizi!).

Una karatasi ya babu sandukuni? Mpe mwalimu wa madrasa aisome kwa sauti. Ukisikia “minazi”, “mpaka”, “shahidi wangu”, basi ni Kiswahili hicho. Asome taratibu: mara nyingi p iliandikwa kama b, na e kama i. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.