Kwa nini shaba hushindwa pale oksidi yake inapofaulu?

Je, wajua kwamba shaba safi, ile iliyomo kwenye nyaya za nyumba yako, haijawahi kuonekana ikipitisha umeme bila ukinzani wowote, hata ikipozwa hadi karibu na sifuri halisi, yaani nyuzi -273, baridi isiyoweza kupitwa? Risasi huweza. Bati huweza. Zebaki iliweza mbele ya mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1911: ilipofika nyuzi -269 za Selsiasi, ukinzani wake ulitoweka ghafla. Shaba, bingwa wa nyaya, haiwezi. Lakini ichanganye na oksijeni na metali nyingine mbili, uichome mpaka iwe kigae cheusi, na kigae hicho kitaanza kazi hiyo kwenye baridi ndogo zaidi kuliko zebaki, kwa tofauti ya nyuzi kama 90.

Kwetu Uganda shaba si jambo geni. Kuanzia 1956 ilichimbwa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ikapandishwa reli Kasese na kuyeyushwa Jinja, jirani na bwawa la Owen Falls. Kazi yote ile ilikuwa kuisafisha, kwa sababu waya mzuri hutaka shaba tupu. Superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani, ilipatikana kwa njia ya kinyume. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, katika maabara ya IBM karibu na Zurich, waliipata kwenye oksidi ya lanthani, bariamu na shaba. Mwaka uliofuata walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo wa 1987, timu za Paul Chu na Maw-Kuen Wu zilitumia itria badala ya lanthani na kufika nyuzi -180. Hapo mambo yalibadilika, maana naitrojeni ya kimiminika, ambayo ni rahisi kuipata, ina nyuzi -196, baridi inayotosha kuipoza.

Siri imo kwenye mpangilio wa elektroni. Oksidi hizi zote zina matabaka ya shaba na oksijeni yaliyopangwa kwa miraba, kila shaba ikizungukwa na oksijeni nne ndani ya tabaka lake. Shaba hiyo imebaki na elektroni tisa kwenye ganda lenye nafasi kumi, hivyo elektroni moja haina mwenzake. Hesabu ya kawaida ya fizikia inasema: nafasi mbili za mwisho zimejaa nusu, basi hii ni metali. Ukipima, unakuta kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme.

Hesabu hiyo imepuuza jinsi elektroni zinavyosukumana. Mbili zikikutana kwenye atomu moja ya shaba, gharama yake ni elektroni-volti kadhaa, nishati kubwa mno kwa kitu kidogo hivyo. Kwa hiyo kila moja hubaki pake. Ni kama Old Taxi Park ya Kampala jioni: magari ni mazima, madereva wako tayari, ila kila nafasi imezibwa na hakuna anayesogea. Hali hii huitwa kihami cha Mott, kwa jina la Mwingereza Nevill Mott.

Elektroni hizo hazikai bure. Kila moja ina spini, sumaku yake ndogo ya asili, nazo hupangana kwa kupishana: hii juu, jirani yake chini. Katika oksidi ya lanthani na shaba, mpangilio huo haupotei hata kwenye joto la kawaida la Kampala.

Sasa ondoa baadhi ya lanthani, weka strontiamu. Strontiamu ina elektroni moja pungufu ya kutoa, hivyo tabaka la shaba hubaki na pengo. Gari moja limetoka, la nyuma linasogea, na nafasi tupu inaanza kutembea. Mapengo 2 hivi kwa kila shaba 100 yanatosha kuvunja mpangilio wa spini. Yakifika karibu 5, superkondakta inazaliwa. Kwenye 16 inafika kilele. Yakipita 27 hivi inakufa, na unabaki na metali ya kawaida.

Haya tunayajuaje? Wanafizikia huipiga fuwele kwa mwanga wa urujuanimno, elektroni zikaruka nje, kisha wanapima nishati na pembe ya kila moja. Kutokana na vipimo hivyo wanachora ramani ya elektroni zilivyokuwa zikienda ndani. Katika superkondakta elektroni huungana wawiliwawili, na kuvunja jozi kunahitaji nishati. Kwenye risasi nishati hiyo inakaribiana pande zote. Kwenye oksidi za shaba ni kubwa kabisa sambamba na mistari ya shaba na oksijeni, na sifuri kwenye mshazari. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mtamu kuliko wote, kwa sababu jozi ya umbo hili huwaruhusu wawili kuungana bila kukaa kamwe kwenye atomu moja.

Nini huziunganisha? Kwenye zebaki ni mitetemo ya atomu, kama walivyoeleza Bardeen, Cooper na Schrieffer mwaka 1957. Kwenye oksidi za shaba wengi hutaja zile spini zinazopishana, lakini nadharia iliyokubaliwa na wote bado haipo.

Kwenye tanuri la maabara, kanuni ya mapengo huonekana kwa macho. Unasaga oksidi ya itria, kaboneti ya bariamu na oksidi ya shaba, unachoma kwenye nyuzi 900 na zaidi. Kigae kikitoka cha kijani, umepata kihami, unataka cheusi. Nacho hakitoshi: kikiwa na oksijeni 6 kwa kila shaba 3 hakipitishi umeme, kikinyonya hadi karibu 7 kinakuwa superkondakta, kwa kuwa oksijeni ya ziada hunyakua elektroni na kuacha mapengo. Ndiyo maana hupozwa polepole ndani ya oksijeni, na ndiyo maana nyaya za jamii nyingine ya oksidi hizi, zenye bismathi, hufunikwa kwa fedha, metali ambayo ikipata moto huiachia oksijeni ipenye.