Flai nyeusi ya Mzee wa Kiptiget

Mzee aliyekuwa akiwafungia flai, yaani ndoano zilizovishwa manyoya, wavuvi wa trauti wa mto Kiptiget upande wa Kericho ametuacha, na rambirambi zimejaa sifa za samaki aliovua. Anazistahili. Ila mimi naona ufundi wake umebaki kwenye ile flai yake nyeusi, mdudu wa bandia wa manyoya ya tausi na kuku. Ifumue moja kwa wembe, polepole, utaelewa kwa nini ilimaliza siku nzima mtoni ilhali nyingi za dukani huanza kufumuka kwa samaki wa pili.

Ndoano ilikuwa namba 12 (namba ikipanda, ndoano inakuwa ndogo). Kabla ya kuibana kwenye jiliwa aliminya lile jino la ncha kwa plaisi mpaka likalala, ili samaki wa kurudishwa majini atoke bila kuchanika. Wengi huliminya flai ikishakamilika. Chuma cha ndoano ni kikavu, hukatika ghafla. Kikikatika mapema umepoteza ndoano tu, kikikatika mwisho na kazi yote imekwenda.

Uzi aliufunga kuanzia nyuma ya tundu la ndoano, akiacha karibu milimita 2 tupu. Hapo ndipo wanafunzi wengi huharibu. Mwili wa flai ukila nafasi hiyo, unyoya wa shingo ya kuku unaofungwa mbele unakosa pa kukaa, kichwa kinavimba, vanishi inaziba tundu, na mvuvi anabaki ukingoni anachokora kwa sindano huku samaki wanakula.

Mwili ni nywele 4 za unyoya wa mkia wa tausi, zikiwa zimekatwa ncha kwa sababu ncha ndizo dhaifu. Nywele hizi zinang'aa vizuri lakini meno ya trauti huzikata upesi. Dawa yake ilikuwa waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua. Waya huo una vanishi yake, haushiki kutu ya kijani haraka. Nywele zikizungushwa upande mmoja, waya huzungushwa upande wa pili, mizunguko 5, ukizikatiza. Ukiuzungusha upande uleule, unazama katikati ya nywele na haulindi chochote.

Mbele alifunga unyoya wa shingo ya mtetea mweusi wa kienyeji. Wa jogoo ni mgumu, unaelea, unafaa flai za juu ya maji. Wa mtetea ni laini, unalowa na kucheza na mkondo. Mizunguko 2, basi. Ukiweka 5 umetengeneza brashi. Manyoya aliyaosha kwa sabuni, akayaanika kivulini, akayafungia kwenye mkebe wenye vidonge vya nafthalini, maana nondo humaliza ngozi nzima ya kuku bila kelele. Mwisho uzi ulizungushwa mara 5 juu ya ncha yake wenyewe, ukavutwa, kisha tone la vanishi kwa ncha ya sindano.

Kwa nini nyeusi? Mvua ikinyesha Mau, Kiptiget hubadilika rangi. Kwenye maji ya tope, trauti akitazama juu kwenye mwanga huona kivuli kabla ya rangi, na hakuna kinachotoa kivuli kama cheusi. Huyu si samaki wa asili wa Kenya. Mayai ya kwanza ya trauti yaliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905, naye bado anadai baridi. Maji yakipita nyuzi 20 za selsiasi hupoteza hamu ya kula, kwa hiyo flai nzuri haikusaidii saa nane mchana. Nenda alfajiri, irushe kimshazari kuelekea juu ya mto, iache izame na kubebwa, ukikusanya mshipi uliolegea tu. Ukivuta, umeiharibu.

Mwezi wa pili, maji yakiwa machache na maangavu, tumia ndoano ndogo zaidi, namba 14, nywele 3, na mzunguko mmoja wa unyoya wa mtetea.