Sikoseli haiko kwenye kundi la damu

"Damu zetu hazikupatana." Kauli hii utaisikia Tabora mjini kuanzia Ng'ambo hadi Isevya, na mzazi akishaitoa hukupa na ushahidi: mimi ni kundi O, mwenzangu ni A, ndiyo maana mtoto wetu ana sikoseli. Wiki hii imefika tena kwenye dirisha la maabara, na safari hii ndoa ya watu inataka kuvunjika. Basi naandika.

Jeni ya makundi ya ABO iko kromosomu ya 9. Jeni ya sikoseli, HBB, iko kromosomu ya 11. Ile ya kwanza inatoa kimeng'enya kinachobandika sukari kwenye ganda la nje la seli nyekundu. Hii ya pili inatoa mnyororo mmoja, uitwao beta, wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni na iliyojaa ndani ya seli hiyo. O na A wanaweza kuzaa watoto wazima watupu, na O kwa O wakapata mwenye sikoseli. Rh (ile chanya au hasi ya kundi la damu) kutolingana ni jambo la kweli na lina hatari yake kwa mimba, ila nalo halizai sikoseli. Habari ya makundi iishie hapo.

Sasa tuangalie maandishi yenyewe. Mwanzo wa HBB kwa asiye na tatizo unasomeka hivi:

ATG GTG CAC CTG ACT CCT GAG GAG AAG

Na nakala ya sikoseli:

ATG GTG CAC CTG ACT CCT GTG GAG AAG

Tafuta tofauti. Ni herufi moja tu, A imekuwa T, katika DNA yenye herufi zaidi ya bilioni 3. Seli husoma herufi tatu tatu, na kila tatu zinaagiza asidi amino moja (tofali la kujengea protini). GAG inaagiza asidi glutamiki, GTG inaagiza valini. Kama ingebadilika herufi ya tatu, GAG ikawa GAA, bado ingekuwa asidi glutamiki ileile na mtoto asingeumwa. Kwa hiyo mtu akiniambia "ana kasoro kwenye jeni" bado hajaniambia kitu. Aniambie ni herufi ipi na imekaa wapi.

Vitabu vingi vinaita nafasi hiyo ya 6, vingine ya 7. Ni hesabu tu: ATG ya mwanzo inaleta methionini, ambayo hukatwa baadaye, na wengine hawaihesabu.

Kazi ya ujenzi inafanyika kwenye uboho wa mifupa, ndani ya seli changa ambazo bado zina kiini. HBB inanakiliwa kuwa RNA, vipande viwili vya katikati visivyohitajika vinakatwa na kutupwa, nakala inatoka nje ya kiini, ribosomu (mashine ya seli ya kujenga protini) inaipitia kutoka herufi ya kwanza hadi alama ya kusimama. Unatoka mnyororo wa asidi amino 146. Minyororo miwili ya beta ikiungana na miwili ya alfa, pamoja na madini ya chuma, hiyo ndiyo himoglobini. Halafu seli inatupa kiini chake na kuingia kwenye mzunguko wa damu.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, haina DNA. Ugonjwa tunaouita wa damu haukuandikwa ndani ya seli nyekundu. Umeandikwa kwenye uboho, na pia kwenye ngozi, ini, mate na mzizi wa unywele wa mtoto huyo, kwa sababu seli zake zote zimetokana na seli moja. Uboho ndiko nakala hiyo inakosomwa ili kutengeneza damu.

Valini inaharibu nini? Asidi glutamiki ina chaji hasi na inapenda maji. Valini haina chaji na inayakimbia maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, umbo lake linageuka na kufungua kishimo upande wa pili, na valini ya himoglobini ya jirani inaingia humo. Anayeishi karibu na stesheni ya Tabora ameona mabehewa yanavyoungwa: ndoano ya moja inashika ya pili, ya pili inashika ya tatu. Ndani ya seli moja kuna molekuli za himoglobini kama milioni 270. Zikiungana hivyo zinakuwa nyuzi ngumu, seli inapinda kama mundu na kuziba mshipa mwembamba. Maumivu yanaanzia hapo. Seli ya kawaida huishi siku kama 120. Hii huishi 10 hadi 20.

Chaji hiyo iliyopotea ndiyo tunayoitumia kwenye elektroforesisi. Ukipitisha umeme kwenye ukanda, kwa pH ya kama 8.6, himoglobini A (ile ya kawaida, si kundi la damu A) inakimbilia upande chanya, S (ile ya sikoseli) inabaki nyuma. Badiliko la herufi moja unaliona kwa macho, mistari miwili imeachana.

Kipimo cha slaidi hakifanyi hivyo. Tone la damu, matone machache ya sodiamu metabisalfaiti asilimia 2 (gramu 0.2 kwa mililita 10 za maji yaliyotoneshwa, itengenezwe siku hiyohiyo), kifuniko, ziba kingo hewa isiingie, angalia kwa darubini. Seli za AS (mwenye nakala moja ya kawaida na moja ya sikoseli) zinapinda, za SS (mwenye mbili za sikoseli, yaani mgonjwa) zinapinda. Kitendanishi cha jana kinaweza kukupa jibu hasi la uongo. Mtoto mchanga naye anaweza kutoka hasi kwa sababu bado amejaa himoglobini F, ile ya tangu tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta kabisa; ndiyo maana dalili nyingi huanza baada ya miezi kama sita, na watu husema amerogwa alipoanza kula.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili. Mtoto wa SS ameongezewa damu, wiki mbili baadaye anapimwa, karatasi inaonyesha A na S. Nyumbani inakuwa sherehe: "Damu nzuri imemgeuza, sasa ni AS!" Dawa ya haidroksiurea inaachwa, folik asidi inaachwa, kliniki inaachwa. Jamani, ile A ni ya mchangiaji. Ni seli zisizo na DNA, hazina cha kumwandikia mtoto, na zitakwisha ndani ya miezi mitatu hadi minne huku uboho wake ukiendelea kusoma GTG. Andikeni tarehe ya kuongezewa damu kwenye fomu ya kipimo. Bila tarehe hiyo, hata mtaalamu mzuri atasoma vibaya.

Na AS haigeuki SS kwa uzee wala kwa uchovu. Ana nakala mbili, zote zinasomwa. Ungetarajia S iwe nusu, lakini kwa kawaida huwa kama asilimia 35 hadi 40, kwa kuwa mnyororo wa alfa hushikana upesi zaidi na beta ya kawaida.

Wazazi wawili wa AS: kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Kila mimba. Aliyetangulia akiwa mgonjwa hajamlipia deni mdogo wake.

Kuna swali ambalo vitabu hulipita haraka. Ndugu wawili wa tumbo moja, wote SS, herufi ileile, mmoja analazwa kila mwezi, mwingine anacheza mpira. Kiasi cha himoglobini F kinaeleza sehemu, na ndiyo sababu haidroksiurea husaidia: hairekebishi herufi, inaongeza F. Upungufu wa jeni za alfa unaeleza sehemu nyingine. Sehemu kubwa bado haijaelezwa, na anayemtabiria mzazi kwa kuangalia "SS" kwenye karatasi anabahatisha.

Turudi kwenye ndoa ile. Mama AS, baba slaidi yake hasi, mtoto anaonekana SS, na ukoo umeshahukumu kwamba mtoto si wa baba. Baba anaweza kuwa na nakala ya HBB isiyotoa beta kabisa, thalasemia ya beta. Hana S, kwa hiyo seli zake hazipindi. Mtoto akipokea S ya mama na nakala hiyo ya baba, atatoa S bila A, na ukanda wake utafanana na wa SS. Hali hii haitukuti mara nyingi, lakini ipo. Kabla mtu hajarudishwa kwao, baba apimwe wingi wa damu, ukubwa wa seli nyekundu na himoglobini A2 (aina nyingine ambayo kwa kawaida huwa kidogo tu). A2 ikizidi asilimia 3.5 na seli zikiwa ndogo, jibu liko kwake. Na zikiwa za kawaida, bado slaidi ya sikoseli si kipimo cha ubaba.