GTA 6 inatoka lini? Majibu kutoka banda la gemu, Mwanjelwa

Tangu mwaka huu wa 2026 uanze, swali hili naulizwa kabla hata mteja hajashika pedi ya kuchezea: "Fundi, GTA 6 lini?" Ni ile gemu ya Grand Theft Auto, ya mji mzima wenye magari na polisi, inayotengenezwa na kampuni ya Rockstar. Juzi aliniuliza dogo wa darasa la sita, kasimama mlangoni, mvua inamwagika nyuma yake, mguu mmoja ndani mwingine nje. Nikamwambia tarehe 19 Novemba. Akanitazama kidogo, akasema, "Kweli, fundi, au kama ile ya Mei?"

Dogo yule anastahili jibu refu, na siku ile nilikuwa na pedi mbili zimefunguliwa mezani. Namjibu leo.

Mimi natengeneza mashine za gemu na nina banda la TV tano karibu na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nilianza kucheza zamani, enzi ambazo gemu haikusubiriwa, ilikukuta tu. GTA San Andreas, mojawapo ya zilizotangulia, ilitoka Oktoba 2004 kwenye PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony), lakini mimi niliikuta Kabwe miaka miwili baadaye, kwenye diski iliyoandikwa jina kwa kalamu nyeusi. Ilikuja kwenye begi la mtu aliyetoka Kariakoo, basi. Hakuna aliyejua ilitoka lini wala inayofuata itakuwa ipi. Lakini trela ya kwanza ya GTA 6, ile video fupi ya kuitangaza, ilipovuja, usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 2023, Rockstar wakaamua kuiachia palepale, na kwetu ilikuwa usiku wa manane. Nilipofungua banda asubuhi, wateja walikuwa wameshaitazama mara kumi kumi. Sasa tunasubiri pamoja na dunia nzima, na kusubiri nako kunataka ujuzi.

Hiyo tarehe imetembea hivi. Mwanzo walisema itatoka mwaka 2025, baadaye wakataja majira ya vuli ya mwaka huohuo. Mei 2025 wakasogeza hadi 26 Mei 2026. Novemba 2025 wakasogeza tena hadi 19 Novemba 2026. Hapo kuna jambo la kushika: kampuni ikitaja mwaka au msimu bila kutaja siku, hiyo bado si tarehe. Ni matumaini. Siku kamili ikitajwa ndipo uanze kusikiliza.

Halafu tazama mwenendo wa mtengenezaji mwenyewe. GTA IV ilitakiwa kutoka Oktoba 2007, ikatoka 29 Aprili 2008. GTA V ilipangiwa majira ya machipuko ya 2013, ikatoka 17 Septemba. Red Dead Redemption 2, gemu yao nyingine, ilisogezwa mara mbili, ikatua 26 Oktoba 2018. Gemu kubwa za watu hawa huchelewa, lakini zikifika zinafika zimeiva. Kwa hiyo mimi tarehe ya Novemba naiamini kuliko nilivyoiamini ya Mei.

Kwa nini zinachelewa? Ngoja nieleze kwa kazi yangu. Pedi ikiletwa analogi, ile fimbo ndogo ya kidole gumba, inavuta yenyewe, mchezaji anaenda kushoto hujamgusa, nafungua skrubu nne, natoa bodi, nachomoa analogi kwa pasi ya kuchomelea na kuweka nyingine. Kazi imekwisha? Hapana. Lazima nipime vitufe vyote upya, kwa sababu ule utepe mwembamba wa vitufe ukikaa pembeni kidogo tu, kitufe cha pembetatu kinakufa. Umetibu kidole, umeumiza mkono. Gemu ya mji mzima iko vivyo hivyo, ila vitufe vyake ni maelfu: mvua, magari, polisi, watu wa barabarani, pesa, maji. Ukirekebisha gari lisizame kwenye lami, kesho polisi hawajui kushuka kwenye gari. Miezi ya mwisho ya gemu kubwa haiongezi vitu vipya sana. Ni kupima, kukuta kosa, kurekebisha, kupima tena. Na muda wake haukadiriki vizuri, maana kosa usiloliona huwezi kulipangia siku.

Baada ya hapo Sony na Microsoft nao wanaikagua kabla ya kuiruhusu kwenye mashine zao, ndipo nakala kuu inakwenda kuchapwa kwenye diski. Watengenezaji wanasema gemu "imekuwa dhahabu". Wengi hushangilia hapo, na kwa kawaida wana haki. Lakini kumbuka Cyberpunk 2077, gemu ya kampuni nyingine, CD Projekt. Ilishasogezwa kutoka Aprili 2020 hadi Septemba, kisha 19 Novemba. Mwanzoni mwa Oktoba wakatangaza imekuwa dhahabu. Kabla mwezi haujaisha wakasogeza tena hadi 10 Desemba. Ilipotoka, kwenye PS4 ilikuwa inaganda na kuzimika kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani kwao wiki moja baadaye, ikarudi Juni 2021. Mtu aliyelipia mapema alinunua maumivu. Mimi tangu siku ile silipii gemu ambayo sijaona ikichezwa kwenye mashine ninayomiliki.

Mpira ni habari nyingine kabisa. Gemu ya mpira ya FC, ambayo zamani iliitwa FIFA, ina ratiba: FC 24 ilitoka 29 Septemba 2023, FC 25 ikatoka 27 Septemba 2024, FC 26 ikatoka 26 Septemba 2025. Haikosi. Inajengwa juu ya ile ya mwaka uliopita, na soko la usajili la Ulaya likishafungwa, kila mtoto anataka kumwona mchezaji wake kwenye jezi mpya. Huo ndio mkate wa mabanda yetu, na sijawahi kupoteza usingizi nikiusubiri.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonigusa zaidi. Vijana wengi hapa Mbeya wana PS4. GTA 6 imetangazwa kwa PS5 na mashine za Microsoft, Xbox Series X na S, tu. Hata gemu ya Resident Evil Requiem, iliyopangiwa tarehe 27 Februari 2026, haikupangiwa PS4. Mtu ananiambia, "Kaka, watatoa tu, ni tamaa zao za kuuza mashine." Biashara ipo, sikatai, lakini kuna sababu ya ndani ya boksi. PS4 inasoma kwenye hadidiski inayozunguka, na kisomeo chake kinatembea kutafuta kila kitu kilipo. Mark Cerny, aliyebuni PS4 na PS5, alieleza Machi 2020 jinsi walivyoikwepa shida hiyo kwenye Spider-Man: kitu kidogo kama sanduku la posta la mtaani kilinakiliwa mara mamia kwenye diski, ili popote mchezaji alipo kiwe karibu. Ni kama fundi anayeweka misumari kila kona ya nyumba kwa sababu stoo iko mbali. Nafasi inaliwa bure. PS5 ina SSD, hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka, inayosoma hadi gigabaiti 5.5 kwa sekunde, stoo iko mkononi. Trela ya pili ya GTA 6, ya Mei 2025, Rockstar walisema ilirekodiwa kwenye PS5. Utazame tena ule ufukwe uliojaa watu, halafu uifikirie PS4 yako inavyounguruma ukifungua menyu.

Kijana mmoja wa bajaji hapa Mafiati aliposikia tarehe ya Mei aliuza PS4 yake haraka, ili pesa isaidie kununua PS5 kabla siku haijafika. Tarehe ikasogea, PS5 hajafikisha, na sasa anakuja kulipia mechi kwangu, mtu aliyekuwa na mashine sebuleni. Iliniuma. PS4 yako usiiuze leo. FC 26 inachezeka humo, na gemu za mpira ndizo huondoka mwisho kwenye mashine ya zamani: PS2 ya mwaka 2000 ilipata FIFA 14, na PS3 ilifika hadi FIFA 19.

Kwa mwenye PS5, au anayekaribia, andaa nafasi. Gigabaiti 825 za PS5 za mwanzo hubaki kama 667 za kutumia. Red Dead Redemption 2 ilikuja kwa diski mbili na kula zaidi ya gigabaiti mia moja, kwa hiyo usitegemee GTA 6 kuwa ndogo. Kama unaweza, nunua mashine yenye sehemu ya diski. Diski ikifika kwa basi kutoka Dar, kwa kawaida sehemu kubwa ya gemu imekuja bila kugusa bando lako, ingawa marekebisho ya siku ya kwanza utashusha tu. Na ukinunua kadi ya kuongeza salio, hakikisha ni ya nchi ileile uliyofungulia akaunti. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na muuzaji hakurudishii hela ukishakwangua.

Mimi Oktoba nitafuta gemu kwenye mashine mbili kupata nafasi, na nitanunua UPS ya pili, ile betri ya akiba umeme ukikatika, maana mvua za Novemba na umeme wa mtaani kwetu hazipatani. Dogo wa mlangoni nimemwahidi kiti cha mbele, TV ya kwanza kushoto, akitoka shule.